Sifuri ya Korvale

Ramani ya Pumzi ilisema hakuna mtu Korvale, na Waziri wa Anga, Mheshimiwa Rwechungura, aliisoma namba hiyo bungeni kwa raha ya mzazi anayesoma matokeo mazuri ya mwanawe.

"Sifuri, Mheshimiwa Spika," alisema, akaliacha neno likae kidogo. "Wilaya nzima. Hakuna pumzi ya mtu mzima wala ya mtoto. Sasa dada yangu, Mheshimiwa Mwakatobe, anatuomba tusimamishe vita vya nchi za watu ili tuwalinde raia. Naomba atuambie, raia gani?"

Wabunge wa upande wake wakagonga meza. Ukutani, nyuma ya kiti cha Spika, nchi ya Arsuna ilikuwa imetandazwa kuanzia dari hadi chini, na kila mtu aliyekuwa hai kule alionekana kama nukta ya kijani. Nukta ya mtu mzima ilikuwa kubwa, ya mtoto ndogo. Mijini zilijazana hata huoni pa kupenyeza sindano. Kusini, palipoandikwa Korvale, palikuwa peusi tii.

Atupele Mwakatobe aliutazama weusi ule. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mbunge wa kipindi cha pili kutoka nyanda za juu za Rungwe, na kabla ya siasa alikuwa afisa mifugo kwa miaka ishirini. Wenzake walimwita Mama Ng'ombe wakidhani hajui. Alijua, na wala halikumkera, maana bila ng'ombe wake hiyo Ramani wanayoigongea meza isingekuwepo.

Yeye na wenzake wanne ndio waliozipa setilaiti za Mchunga akili ya kuhesabu mifugo kutoka angani. Mnyama akipumua, hutoa joto na unyevu, na Mchunga hutambua pumzi ya ndama na ya mama yake kama mama mwenyewe anavyoitambua. Kutoka ng'ombe hadi mtu ilikuwa hatua moja. Vita vya Arsuna vilipofika mwaka wa nne, majeshi yote mawili, la serikali na la waasi, yalitia saini mkataba na Shirikisho la Maziwa, lenye Bunge hili: kombora halitoki mpaka Ramani iseme pale linapokwenda kuna watu sifuri. Kufuli iliwekwa ndani ya makombora yenyewe. Dunia ikalipongeza Shirikisho, na Atupele alilia kwa furaha siku ile. Kilichofuata ni kwamba majeshi yalijifunza kuifanya sifuri ipatikane. Kijiji kikitakiwa kupigwa, watu wake huondolewa kwanza, na wanakopelekwa hakuna anayeuliza.

Hoja yake ilikuwa fupi. Ramani ifungwe kwa siku tisini. Bila Ramani hakuna kombora, na bila makombora majenerali watakaa mezani wapende wasipende, huku raia wakitolewa kwa njia salama. Alikuwa ameiandaa kwa miezi mitatu, na wabunge wengi walikuwa wameanza kulegea. Sasa sifuri moja ilikuwa inawarudisha nyuma.

Alibonyeza kipaza sauti. Alikuwa amepanga kusema habari za sheria na ubinadamu, lakini kicheko cha upande wa pili kilimchoma, akasema asichopanga.

"Korvale kuna watu mia sita na kumi na wawili, Mheshimiwa Spika. Watoto kati yao ni mia mbili na arobaini. Ramani haiwaoni."

Rwechungura, ambaye hakuwahi kukosa kanuni mfukoni, alisimama kuhusu utaratibu, akaomba mbunge athibitishe kauli yake au aifute.

Ndivyo ilivyo bungeni. Neno likishatoka kwenye kipaza sauti halibaki hewani, ama unalithibitisha ama unalifuta. Ukilifuta kwenye hoja kama hii, hoja inakufa na wewe unatolewa nje kwa vikao kumi. Spika Jerotich, mwanamke mtaratibu aliyekuwa jaji zamani, alimtazama Atupele kwa jicho lisilo na uadui wala huruma, akampa hadi kesho yake saa nne asubuhi aweke ushahidi Mezani.

* * *

Ofisini alimkuta Ndunguru, katibu wake, akiwa ameshika tama. Alikuwa amefuatilia kikao chote kwenye redio.

"Mama, umewataja," alisema.

Atupele alimjibu kwamba ametaja wilaya tu, na Korvale ni pana kuliko mkoa mzima wa Mbeya. Ndunguru hakubisha. Alikuwa mtu wa Songea, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza pale ambapo wengine wangesema nilikuonya. Ni yeye aliyemletea watu wale kwanza. Miezi miwili nyuma aliinasa sauti ya mwanamke kwenye mtambo wa zamani wa hali ya hewa, kituo ambacho Shirikisho lilikiacha Arsuna na kukisahau. Mwanamke huyo, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Ilka Doreni, alikuwa amejificha na kijiji chake ndani ya mgodi wa chumvi. Hawakuonekana kutoka juu, kwa sababu chumvi hunywa unyevu wa pumzi kabla haujafika nje. Kijiji cha jirani kilitoka kilipoitwa na askari. Mpaka leo hakuna aliyesikia habari zake.

Mchana huo walimtafuta. Kifaa cha mkalimani kilichokuwa juu ya meza kiliyageuza maneno ya Ilka kuwa Kiswahili safi mno, kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari, lakini uchovu wake kilishindwa kuufuta.

Atupele alimweleza kila kitu, hata lile la kuropoka. Ilka aliuliza kitakachotokea Atupele akifuta kauli.

"Hoja itakufa," Atupele alisema. "Sifuri itabaki ukutani. Na mkishakuwa sifuri, siku yoyote watakapotaka kulipiga eneo lenu hakuna kitu kitakachowazuia."

"Na ukileta ushahidi?"

"Vita vinaweza kusimama. Si kwenu tu. Nchi nzima."

Wakabishana namna ya kuuleta. Picha hazikubaliki tena bungeni, wala sauti za watu wakizungumza, kwa kuwa mashine yoyote ya sokoni inaweza kuzitengeneza. Pumzi ndiyo iliyobaki. Meza ya Bunge, yaani mtambo wenyewe uliokaa katikati ya ukumbi ndani ya mbao za mninga, ilitambua pumzi ya kweli na ya bandia, na ilijua ya huyu si ya yule. Ilka angewapanga watu wake mstari, kila mmoja apumue mara tano mbele ya kinasa sauti. Atupele angefuta tarehe, njia iliyopitia na jina la mtambo. Angeweka ushahidi kwa siri, chini ya mhuri wa Spika, na hakuna ambaye angejua ni mgodi gani.

"Niahidi hutataja mahali," Ilka alisema.

"Nakuahidi."

Kazi ilichukua mchana wote. Ndunguru alikaa na chombo sikioni akiweka alama kwenye karatasi, na Atupele akasikiliza pamoja naye: wazee wanaokwaruza kifua, mtoto mwenye mafua, mwanamke aliyecheka katikati ya pumzi ya tatu, ikabidi aanze upya. Walipomaliza, Ndunguru alimuuliza kama ana hakika Meza haiwezi kujua zimetoka wapi.

"Ubongo wa Meza ni wa Mchunga," alimjibu, na kulikuwa na kiburi kidogo katika sauti yake. "Nusu yake nimeitengeneza mimi. Najua inachoweza."

* * *

Saa nne kasoro dakika tano alishuka kwenda katikati ya ukumbi, akaweka kijiti cha kumbukumbu juu ya Meza. Spika alikigonga mhuri wa siri, kisha akaiuliza Meza swali ambalo kanuni inalitaka: ushahidi huu ni wa kweli?

Kanuni hiyo ilitungwa katika kipindi cha kwanza cha Atupele, wakati wabunge walipokuwa wanadanganyana bila haya. Inasema Meza ikiulizwa itajibu ndiyo au hapana, na itatoa sababu zake kwa sauti, ili asiwepo wa kusema imehongwa. Mhuri wa siri unaufunika ushahidi. Haufuniki sababu. Atupele aliipigia kura ya ndiyo kwa mikono miwili, na kwa miaka sita hakuwahi kupata nafasi ya kuona kinachotokea mambo hayo mawili yakikutana.

Meza ilichukua chini ya dakika moja.

"Ndiyo," ilisema kwa sauti yake tulivu. "Pumzi ni za watu hai mia sita na kumi na wawili. Sababu ya kwanza, hakuna pumzi inayojirudia. Sababu ya pili, mwangwi wa pumzi zote ni wa chumba kimoja cha mwamba wa chumvi, chenye urefu wa mita mia moja na themanini, na umbo lake linalingana na ramani ya Mgodi wa Sestra, upande wa mashariki wa Korvale. Ushahidi umethibitishwa."

Atupele alilirudia neno moja kimoyomoyo. Mwangwi. Miaka kumi na tano iliyopita wezi wa mifugo walikuwa wakificha ng'ombe mapangoni, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alimfundisha Mchunga kulitambua pango kwa mwangwi wa kikohozi cha ng'ombe kilichonaswa na vinasa sauti vya porini. Alipewa nishani kwa kazi hiyo. Alikumbuka kufuta tarehe, akakumbuka njia na jina la mtambo, kazi yake aliyoipenda kuliko zote akaisahau.

Na Ramani, ikishajua ni matundu gani ya hewa ya kutazama, ilijirekebisha yenyewe. Katika weusi wa Korvale likatokea doa la kijani, dogo, lenye nukta kubwa na ndogo zilizobanana.

Ukumbi ulilipuka. Wabunge walisimama, wengine waliokuwa wakimcheka jana walikuwa wanapangusa macho. Mheshimiwa Rwechungura, na hapa lazima tumpe haki yake, alisimama akasema amekosea, na kwamba angeona aibu kupiga kura ya hapana. Hoja ikapita kwa sauti moja. Rais wa Shirikisho angeitia saini kesho saa sita mchana, na tangu dakika hiyo Ramani ingefungwa na makombora yangenyamaza.

Watu walimpa mkono Atupele mpaka kiganja kikamuuma. Alitabasamu kila ilipobidi. Kichwani alikuwa anahesabu saa zilizobaki mpaka kesho saa sita, na hakuipenda hesabu yake.

* * *

Alikuwa mgahawani, chai mbele yake haijaguswa, Ndunguru alipokuja. Alimwekea chombo sikioni.

"Kuna kipaza sauti kwenye mlango wa mgodi," Ilka alisema. "Kinatuambia tutoke. Kinasema wote, mia sita na kumi na wawili. Mheshimiwa, nani aliwaambia idadi yetu?"

Angeweza kusema hajui. Mkalimani angeligeuza neno hilo vizuri tu, bila kigugumizi.

"Ni mimi," alisema. "Mahali pia. Sikukusudia, lakini ni mimi."

Upande wa pili alisikia watoto wakiulizana kitu. Ilka aliporudi hewani hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema wamepewa nusu saa. Ikipita, askari wataziba matundu ya hewa.

Atupele alitoka mbio kumtafuta Rwechungura, akamkuta kwenye korido akizungumza na waandishi wa habari. Alimvuta pembeni kwa mkono wa koti. Waziri alimsikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Mkataba," Atupele alisema. "Eneo lenye watu haliguswi. Wapigie uwaambie."

"Mkataba unakataza kombora, dada yangu. Haujasema lolote kuhusu kuziba tundu." Alijifuta jasho. "Sikiliza. Tangu saa nne asubuhi makombora yote ya kusini yamefungwa kwa sababu ya nukta zako. Waasi wanapita huko usiku wa leo, na jeshi lina mpaka kesho saa sita tu. Wanataka sifuri yao irudi."

"Kwa hiyo?"

"Nitapiga simu. Naapa nitapiga simu kila ninapoweza." Alikuwa anaongea kweli, na wote wawili walijua simu itapokelewa na karani atakayeomba aandikiwe barua.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane. Atupele aliegemea ukuta. Wakibaki ndani, wataishiwa hewa polepole huku Bunge zima likiziona nukta zikizimika. Wakitoka, watakuwa mikononi mwa watu waliokichukua kijiji cha jirani. Alitafuta njia ya tatu, akarudi nyuma, akatafuta tena. Haikuwepo.

"Watu wananitazama," Ilka alisema sikioni mwake. "Wewe ndiye unayeona kutoka juu. Sema tutoke au tubaki. Nikisema mimi hawatanisikia, mimi ni mwalimu wao tu."

Atupele alifumba macho. Aliona jinsi lilivyo neno dogo, na jinsi atakavyoishi nalo kila siku iliyobaki ya maisha yake, lolote atakalochagua.

"Tokeni," alisema. "Mmoja mmoja, polepole, msikimbie. Nitawahesabu mbele ya Bunge na mbele ya dunia. Waambie askari hivyo. Waambie wanatazamwa."

* * *

Kikao cha mchana kilikuwa kimeingia kwenye muswada wa mabomba ya maji, na nusu ya viti ilikuwa mitupu. Atupele alisimama kuhusu utaratibu kabla hajafika kwenye kiti chake. Aliomba Ramani iwekwe ukutani, Mgodi wa Sestra, karibu kabisa, na matangazo ya kikao yawe wazi kwa kila nchi inayoyapokea. Spika Jerotich alitaka kuuliza kanuni namba ngapi. Kisha aliutazama uso wake, akaacha kuuliza, akawaamuru mafundi.

Nukta ya kwanza ilitoka mgodini saa tisa na dakika saba.

"Mmoja," Atupele alisema kwenye kipaza sauti.

Alihesabu. Habari zilienea kwenye korido, wabunge wakarudi wakiwa na vikombe mikononi, wakakaa popote. Aliyekuwa akichangia mabomba ya maji alikaa chini bila kuambiwa. Alipofika hamsini, watu wa upande wake walianza kuhesabu pamoja naye kwa sauti ya chini. Alipofika mia mbili, upande wa serikali nao wakaingia. Nje ya mlango wa mgodi nukta zilijipanga mstari, kubwa na ndogo, na hakuna iliyozimika. Koo lilimkauka, Ndunguru akamletea maji, akayanywa kati ya mia tatu na kumi na mia tatu na kumi na moja.

Ilka alikuwa wa mwisho. Atupele alijua ni yeye kwa sababu mtambo wa hali ya hewa, waliouingiza mgodini walipojificha, uliachwa ndani, na sikioni mwake palibaki mvumo mtupu.

"Mia sita na kumi na wawili."

Mtu mmoja aligonga meza mara moja, kisha wote wakagonga. Walikumbatiana. Rwechungura, simu ikiwa bado sikioni, alimnyooshea Atupele kidole gumba kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kwa muda wa pumzi mbili tatu naye aliamini. Aliruhusu mabega yake yashuke.

Mstari ulianza kutembea. Uliondoka mlangoni pa mgodi, ukafika mahali fulani kama hatua hamsini mbele, na hapo nukta ya kwanza ikaenda kulia. Ya pili ikaenda kushoto. Ya tatu kushoto, na ya nne kushoto, na ndogo iliyokuwa imeshikamana na ya nne ikabanduka ikaenda kulia.

Makofi yaliendelea kwa muda, maana wengi hawakuwa wameona. Atupele aliona. Alikuwa amesimama kwenye malango ya mazizi kwa miaka ishirini, akimwangalia mwenye fimbo akielekeza huyu huku na huyu kule. Alijua kwamba hakuna mtu anayejisumbua kuligawa kundi ikiwa wote wanakwenda mahali pamoja.

Taa nyekundu ya kipaza sauti iliwaka, dakika zake zikiwa zimeisha zamani. Makofi yalikuwa yanakufa, safu kwa safu, kadiri vichwa vilivyogeukia ukutani. Spika Jerotich aliinama mbele. Alimuuliza kwa upole kama amemaliza.

"Bado, Mheshimiwa Spika," Atupele alisema.

Akavuta kipaza sauti karibu, akaanza upya. Kulia, mmoja. Kushoto, mmoja. Kushoto, wawili. Kushoto, watatu.